Maswali ya Wasomaji: Diski Imechomekwa Lakini Seva Haiioni

Tulipoandika kuhusu seva ya nyumbani, yaani ile kompyuta inayokaa pembeni ikitunza picha, sinema na bekapu za simu za familia, hatukujua tumejifungulia mlango wa kilio cha aina moja. Karibu kila aliyeandika anasema diski haionekani. Ila haionekani ya huyu sio haionekani ya yule, kuna ambayo haizunguki kabisa, kuna inayoonekana asubuhi na jioni haipo, na kuna inayoonekana vizuri tu lakini inadaiwa ni tupu. Tumechagua zenye kufundisha, na samahani kwa ambao hatukuwafikia, wengi mtajikuta ndani ya jibu la mwenzenu.

Swali: Fundi habari za kazi. Mi sio mtu wa kompyuta sana, nilifuata maelekezo nikajenga. Diski moja kati ya nne haionekani na sijui hata nianzie wapi, kila mtu ananiambia lake, mmoja anasema diski mbovu nirudishe dukani, mwingine anasema nipige Windows upya. Nianze na nini?

Jibu: Nzuri tu. Usipige Windows upya na usirudishe kitu bado. Cha kwanza ni kujua diski inapotelea wapi, maana kutoka kwenye umeme mpaka kwenye folda lako kuna vituo kadhaa na kila kimoja kinaweza kuikwamisha. Weka kiganja juu ya diski wakati unawasha seva. Kama haitetemeki wala haivumi, tatizo liko kwenye umeme, programu usiziguse. Kama inazunguka, ingia BIOS, ile menyu ya mazabodi inayofunguka kabla ya mfumo kuwaka, uangalie jina lake lipo kwenye orodha au halipo. Halipo, basi shuku waya wa data, poti, au BIOS yenyewe, kuna mazabodi (bodi kuu za kompyuta) ambazo poti nyingine zimezimwa kwenye menyu, na kuna zilizowekwa hali ya RAID, ya kuunganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja, badala ya AHCI ya kila diski peke yake, kwa hiyo Linux inaona kontrola (chipu inayoendesha poti) tu, diski haizioni. Hapo angalizo, kama tayari una RAID iliyotengenezwa na mazabodi hiyo usiigeuze kuwa AHCI kwa kujaribu jaribu. Jina likiwepo kwenye BIOS nenda kwenye mfumo wa Linux uandike lsblk, amri ya kuorodhesha diski. Ikionekana pale lakini programu ya seva haiionyeshi, basi vifaa vyote ni vizima na kesi yako ni ya mpangilio.

Ikipotelea katikati, andika dmesg, inayoonyesha kumbukumbu za mfumo, usome mistari yenye ata1, ata2 na kuendelea. SATA ndo njia inayounganisha diski na mazabodi. Ukiona "SATA link down" maana yake kontrola imeita na hajaitika mtu upande wa pili. Ukiona "COMRESET failed" au "link is slow to respond" wanasikiana kwa taabu, na hapo mshukiwa ni waya, umeme hafifu, au diski inayoelekea kufa. Kwa mpangilio huo huo wa kushuku, nakuomba sana, diski iwe ya mwisho.

Baada ya hapo unabadilisha kitu kimoja kimoja, seva ikiwa imezimwa. Chukua waya wa diski inayofanya kazi uutie kwenye ile isiyoonekana, poti iwe ile ile. Tatizo likihama na waya, tupa waya, wala usiuhifadhi kwenye droo eti utafaa siku nyingine. Likibaki kwenye poti, poti ndo mbovu. Likiifuata diski popote uiwekapo, sasa ndo uende dukani. Watu hawaamini waya wa SATA unaweza kuwa mbovu kwa sababu kwa macho ni mzima, lakini plagi zile za ndani zimetengenezwa kwa ajili ya kuchomekwa mara 50 hivi tu, na waya wenyewe haupaswi kuzidi mita 1. Diski ikishaonekana andika smartctl -a ikifuatiwa na jina lake upate SMART, ripoti ya afya ya diski, tazama namba ya 199, ile ya makosa ya CRC, yaani data iliyofika tofauti na ilivyotumwa. Ikiwa inapanda kila siku, data inaharibika njiani kwenye waya. Namba ya 5, 197 na 198 zikipanda, hapo kweli diski yenyewe inachakaa.

Swali: Shikamoo fundi. Nilinunua diski mbili kubwa za nje, zile za USB za kukaa mezani, maana zilikuwa bei nafuu kuliko diski tupu za ndani. Kwa USB zilifanya kazi vizuri. Nikafungua maboksi nikazitoa nikazifunga ndani ya seva kwa SATA, zimekufa zote mbili. Hazizunguki, hazilii, BIOS haizijui. Nikizirudisha kwenye boksi zinafufuka! Nimebadilisha waya za data mpaka nimechoka, na diski yangu ya zamani kwenye poti hiyo hiyo inafanya kazi bila shida. Huu ni uchawi gani?

Jibu: Marahaba. Hamna uchawi, ni pini ya 3. Na umefanya jambo la maana kuzirudisha kwenye boksi kabla ya kulaumu mtu.

Plagi ya umeme ya SATA ina pini 15. Zile 3 za mwanzo zamani ziliwekwa kwa ajili ya volti 3.3, na diski za kawaida karibu zote hazikuwahi kuzihitaji, zinakula volti 5 na 12 basi. Toleo la 3.3 la kiwango cha SATA (hiyo ni namba ya toleo, sio volti) lilipotoka 2016, pini ya 3 ikapewa kazi nyingine kabisa, kuizima diski kwa mbali. Ikipata umeme, diski inabaki imelala mpaka umeme huo utolewe. Lengo ni vituo vikubwa vya data, diski ikiganda mtu aizime na kuiwasha akiwa kwenye kiti chake badala ya kwenda kuichomoa kati ya maelfu. Sasa diski nyingi kubwa zinazowekwa kwenye maboksi ya USB ni ndugu wa hizo za vituo vya data, na pawa saplai yako ya muundo wa zamani inapeleka volti 3.3 kwenye pini ya 3 muda wote bila kujua kwamba inaiambia diski lala, lala, lala. Boksi la USB halipeleki umeme huo, ndo maana zinaamka.

Kuhakikisha, tumia adapta ya Molex kwenda SATA, Molex ni ile plagi kubwa ya pini 4, haina volti 3.3 kabisa. Ikizunguka umepata jibu. Ila adapta hiyo usiiache humo moja kwa moja kama plagi yake ya SATA ni ile iliyomiminwa plastiki ikawa donge moja na waya, hizo waya zake ndani zinaweza kugusana na zimeshawahi kuwaka moto kwenye kompyuta za watu. Yenye waya zilizobanwa mojamoja na kifuniko nyuma ni afadhali sana.

Dawa ninayoipenda ni teipu ya Kapton, ile nyembamba ya rangi ya dhahabu inayovumilia joto. Itazame diski upande wa plagi, sehemu fupi ni ya data na ndefu ni ya umeme, na pini ya 1 ya umeme ndo iliyo karibu na ile ya data. Kata kipande chembamba ufunike ya 1 mpaka ya 3 kwa pamoja, ni rahisi kuliko kulenga moja peke yake na hakuna hasara maana diski haizitumii. Angalia usiguse ya 4, hiyo ni ya ardhi. Usitumie teipu nyeusi ya umeme, gundi yake inalainika kwa joto na ni nene, utakuja kuchomeka plagi ikakunjika humo ndani. Kuna watu wanakata waya wa 3.3 kabisa, kwenye saplai nyingi ni wa rangi ya chungwa, inafanya kazi, ila waya za siku hizi zote nyeusi na mkasi hausamehe.

Moja zaidi, kama uliweka data zikiwa bado kwenye boksi, usishangae zikiwa hazisomeki ndani ya seva. Maboksi mengine yanafunga data kwa siri kwenye bodi yake ndogo ya USB, mengine yanajifanya sekta, vile vipande vidogo diski inamogawia data, ni za ukubwa tofauti. Hamisha data kwanza wakati diski iko kwenye boksi lake.

Swali: Nimeongeza SSD ndogo ya M.2, ile inayochomekwa moja kwa moja kwenye mazabodi, kwa ajili ya mfumo, imewaka freshi, ila diski mbili kati ya sita zimepotea hapo hapo. SSD imeunguza poti?

Jibu: Haijaunguza kitu. Mazabodi nyingi zina njia chache za kupitisha data, kwa hiyo sloti ya M.2 na baadhi ya poti za SATA zinagawana njia moja, ukitumia huku kule kunazimwa. Mara nyingi ni poti ya 5 na ya 6. Fungua kitabu cha mazabodi, kuna jedwali linasema sloti ipi inazima poti zipi, na linatofautisha M.2 ya aina ya SATA na ya NVMe, ile ya kasi zaidi. Hamishia SSD kwenye sloti nyingine au diski kwenye poti nyingine.

Kama hamna nafasi tena nunua kadi ya kuongeza poti, ila zile za poti 20 kwa bei ya kutupa achana nazo, ndani wamebandika vigawanyishi juu ya chipu moja ndogo na siku ukiwa na kazi nzito diski zitaanza kupotea kwa makundi. Uliza chipu, ASM1166 ina poti 6, JMB585 ina 5, na zote zinajitosheleza bila vigawanyishi.

Swali: Kaka mambo. Seva yangu ina diski nane. Nikiwasha leo naona saba, kesho sita, siku nyingine zote nane zipo. Inayopotea sio ile ile. Nimeapdeti kila kitu. Pawa saplai ni ya wati 550, sasa diski nane zinakula nini?

Jibu: Poa. Kati ya yote uliyoandika, lenye thamani ni hilo la sio ile ile. Diski mbovu haipokezani na wenzake, ikiwa mbovu ni yeye leo na yeye kesho. Zinazopotea kwa zamu zinalalamikia umeme.

Diski ya inchi 3.5 ikishatulia inakula wati chache tu, 5 mpaka 8 hivi, ndo maana mahesabu yako yanatoka vizuri. Ila zile sekunde za kuanza kuzunguka inaweza kuvuta ampia 2 kwenye laini ya volti 12, yaani kama wati 24. Nane kwa pamoja ni karibu wati 200 zinazodaiwa kwa mpigo mmoja. Saplai yako kwa jumla inaweza kumudu, mi nashuku njia. Plagi moja ya SATA imepewa pini 3 za volti 12, kila moja ampia 1.5, jumla 4.5. Ukichukua plagi moja ukaigawa kwa kigawanyishi kwenda diski nne unaidai ampia 8. Voltage inashuka kidogo, diski moja inakosa nguvu ya kuanza, inakata tamaa, na seva ikija kuhesabu watu yeye hayupo.

Chomoa umeme wa diski nne uwashe mara kadhaa. Zilizobaki zikionekana kila mara umethibitisha. Halafu tawanya mzigo, toa kebo mbili au tatu tofauti moja kwa moja kutoka kwenye saplai, na ukilazimika kugawa, gawa kutoka kwenye Molex, pini zake ni nene. Kama una kadi ya kontrola, tafuta kwenye menyu yake mpangilio wa kuamsha diski kwa zamu, unasaidia sana.

Na hapa niandike kwa sauti kubwa kwa kila anayesoma: UKIHITAJI KEBO YA ZIADA USICHUKUE YA SAPLAI NYINGINE. Zile saplai za kebo za kuchomoa, upande wa diski plagi zote ni sawa lakini upande wa saplai kila mtengenezaji anapanga pini anavyotaka, na hata ndani ya kampuni moja toleo hili na lile zinaweza kutofautiana. Plagi itaingia vizuri, utawasha, volti 12 zitaingia kwenye laini ya 5, na diski zote za kebo hiyo zitaondoka kwa pamoja. Ikishatokea usikate tamaa moja kwa moja, kwenye bodi ya diski kuna diodi ndogo za ulinzi ambazo zinajitoa mhanga, fundi wa elektroniki anayejua anaweza kukuokolea data. Ila usibadilishane bodi kati ya diski mbili zinazofanana ukidhani umemaliza, kila bodi ya siku hizi imebeba vipimo vya diski yake mwenyewe.

Swali: Mkuu, nimepata diski nne za seva zilizotumika, bei nzuri. Plagi yake inafanana na SATA ila katikati pameziba, haiingii kwenye waya wangu. Nikaambiwa ninunue kadi ya LSI, nikanunua iliyotumika pamoja na waya zake, sasa zinaingia na zinazunguka lakini lsblk haioni kitu, ingawa kadi yenyewe kwenye orodha ya lspci ipo. Nimepigwa?

Jibu: Huenda hujapigwa. Diski zako ni za SAS, muunganisho wa diski za seva kubwa. Kadi ya SAS inapokea diski za SATA bila tatizo, lakini poti ya SATA haipokei diski ya SAS hata siku moja, na pale palipoziba pamewekwa makusudi usijaribu. Kwa hiyo kadi ilikuwa lazima, na wengi wanaotumia seva nyumbani wanatumia hizo hizo, 9211-8i na jamaa zake.

Sasa kadi iliyotumika inakuja na historia yake. Ikiwa ina fimwea (programu ya ndani ya kadi) ya RAID, nyingine inaficha kila diski mpaka uiunde kundi ndani ya menyu ya kadi. Kwa TrueNAS, ule mfumo wa seva za kuhifadhi data, au Linux unataka fimwea inayoitwa IT, hiyo haijipi kazi, inapitisha diski kama zilivyo. Wakati seva inawaka subiri kadi ijitambulishe kwenye skrini, itaandika aina ya fimwea, na menyu yake inaonyesha kama yenyewe inaziona diski. Ikiwa kadi inaziona na Linux haizioni, ni fimwea. Ikiwa hata kadi haizioni, twende kwenye waya.

Waya wenye plagi pana moja upande huu na plagi nne upande ule, kuna aina mbili na kwa macho ni mapacha. Mmoja umetengenezwa kutoka kwenye kadi kwenda diski nne, mwingine kutoka poti nne za mazabodi kwenda kwenye bodi ya nyuma ya kesi ya seva. Ukiupata wa kinyume diski zitazunguka vizuri kabisa na hamna kitakachoonekana, mtu anaweza kumaliza wiki hapo. Wewe unataka wa kwanza. Muulize muuzaji kabla ya kutoa hela, na asipojua tofauti nunua kwa mwingine.

Kuna la tatu, na kwa diski zilizotoka kwenye makabati makubwa ya kuhifadhi data ndo ninalolishuku zaidi. Andika lsscsi -g. Ukiziona hapo lakini ukubwa unasoma sifuri, na dmesg inasema "Unsupported sector size 520", basi diski ni nzima, ila zilifomatiwa kwa sekta za baiti 520 badala ya 512. Zile baiti 8 za ziada makabati yale yanazitumia kwa ukaguzi wao wa data. Linux haitaki. Dawa ni sg_format --format --size=512 ikifuatiwa na jina la /dev/sg la diski hiyo, inafuta kila kitu na inachukua masaa mengi, kwa hiyo hakikisha namba ya sg mara mbili na usizime katikati. Unaweza kuzifomati zote nne kwa wakati mmoja kila moja kwenye dirisha lake.

Kadi hizo zilizaliwa kwenye seva zenye feni zinazopiga kelele, kwenye kesi tulivu ya nyumbani zinachemka. Diski zikianza kupotea baada ya masaa mawili matatu ya kazi nzito na zikirudi ukizima na kuwasha, usitafute mbali, funga feni ndogo juu ya kadi.

Swali: Fundi naomba msaada wa haraka. Seva ya marehemu mzee mazabodi imekufa. Nimetoa diski nimeichomeka kwenye kompyuta yangu ya Windows kwa adapta ya USB, inaniambia diski haijaanzishwa, nichague MBR au GPT ndo niendelee. Ndani kuna picha zote za familia. Nichague ipi?

Jibu: Pole sana kwa mzee. Usichague yoyote. Bonyeza kughairi, chomoa diski, ndo usome kilichobaki.

Windows haisemi diski ni tupu, inasema yenyewe haielewi ilichokikuta. Seva nyingi za nyumbani zinatumia Linux, na diski ikiwa ilikuwa ndani ya RAID au ZFS (mfumo wa faili unaoweza kuunganisha diski kadhaa) au imefungwa kwa nywila, inaweza isiwe na jedwali la mgawanyo wa diski, MBR au GPT, ambalo Windows inalijua. Ukikubali, Windows itaandika jedwali lake mwanzoni mwa diski, na kwa GPT mpaka mwishoni, juu ya vitu ambavyo seva ilivihitaji. Kufomati ndo balaa zaidi. Kama umeshabonyeza kuanzisha lakini hujafomati, data nyingi bado zipo, ila simama hapo hapo.

Chukua flashi, weka Linux ya kuwashia bila kusakinisha, washa kompyuta kwa hiyo, ikiwezekana diski ichomekwe kwa SATA maana adapta nazo zinadanganya. Za zamani zinaishia terabaiti 2.2, diski ya terabaiti 3 utaiona kama gigabaiti 746 na jedwali halisomeki, mtu anadhani imeharibika kumbe ni adapta. Andika lsblk -f, itakuambia kilichomo ni nini. Ukiona ext4, xfs au btrfs, ifungue kwa kusoma tu, mount -o ro. Ukiona linux_raid_member, ni mdadm --assemble --readonly, na kama mzee alikuwa na diski zaidi ya moja zitafute zote kabla ya kuanza. Ukiona zfs_member, ni zpool import -o readonly=on, na huenda ikadai umlazimishe kwa -f kwa sababu inajua ilikuwa kwenye mashine nyingine.

Kabla ya hayo yote angalia smartctl. Ikiwa namba za 5 na 197 ziko juu usianze kufungua mafolda, chukua diski nyingine kubwa kuliko hiyo uinakili nzima kwa ddrescue, halafu ufanye utundu wako kwenye nakala.

Swali: RAID 5 yangu ilipoteza diski nikaweka mpya. Kujijenga upya kukaenda vizuri mpaka usiku, asubuhi nakuta diski mpya imetupwa nje haipo kwenye orodha. Nikizima na kuwasha ipo, SMART safi. Nimerudia, hivyo hivyo.

Jibu: Angalia namba ya modeli yake uitafute kama ni SMR au CMR. CMR inapanga mistari ya data bila kupandiana, SMR inaipanga ikipandiana kama vigae vya paa, kwa hiyo ukiandika upya mahali inabidi ipange upya na vya jirani. Kwa kutunza sinema haina neno, lakini kujenga RAID ni kuandika bila kupumzika siku nzima, diski inaelemewa, inachelewa kujibu na RAID inaihesabu imekufa. Mwaka 2020 Western Digital ilikiri kwamba baadhi ya WD Red za terabaiti 2 mpaka 6 zilikuwa SMR bila kuandikwa hivyo, na hizo ni diski zilizouzwa kwa ajili ya seva za nyumbani hasa. Kwa hiyo usiamini lebo ya mbele, soma karatasi ya modeli. Ikiwa SMR, ibadilishe, hamna mpangilio utakaoiponya.

Ikiwa CMR, kuna lingine. Diski ya mezani ikikuta sekta ngumu inaweza kung'ang'ana nayo dakika nzima na zaidi, wakati Linux kwa kawaida inasubiri sekunde 30 tu kisha inaipiga riseti. Andika smartctl -l scterc,70,70 na jina la diski, unaiambia ikate tamaa baada ya sekunde 7 iripoti kosa ili RAID ichukue data kwa wenzake. Ikikataa amri hiyo, ipe Linux muda mrefu wa kusubiri kwenye /sys/block, chini ya jina la diski kuna device/timeout, weka 180. Vyote viwili vinasahaulika ukizima, viweke kwenye skripti ya kuwashia.

Swali: Natumia Raspberry Pi 4, ile kompyuta ndogo ya bodi moja, na diski mbili ndogo za nje. Moja peke yake inaonekana, ya pili nikichomeka zote zinapotea.

Jibu: Poti zote za USB za Pi 4 zinagawana ampia 1.2 kwa jumla, hazitoshi diski mbili. Nunua habu yenye adapta yake ya umeme, tatizo litaisha.

Swali: Diski inagonga tik tik tik na haionekani. Nimesikia ukiiweka kwenye friji inaamka.

Jibu: Ukiitoa inapata unyevu ndani, na hicho kichwa kinachogonga kitaikwangua vizuri zaidi. Jaribu kebo nyingine ya umeme mara moja, maana umeme hafifu nao unaweza kuifanya igonge. Ikiendelea, izime. Kama data ni ya lazima peleka kwa wanaofungua diski kwenye chumba kisicho na vumbi, kila dakika unayoiacha inagonga unapunguza watakachokuta.

Swali: Nilisafisha vumbi nikazirudisha diski zote, BIOS inaziona zote, lakini seva inakwama ikiwaka, inasema inasubiri diski ambayo haipo. Ipo, naiona!

Jibu: Ulizirudisha kwenye poti tofauti na za mwanzo. Kwenye /etc/fstab, faili linaloorodhesha diski za kufunguliwa seva ikiwaka, uliandika /dev/sdb na kadhalika, majina hayo Linux inayagawa kwa jinsi inavyozikuta, sdb ya jana leo ni sdd. Kuna seva zinabadilisha hata bila kuguswa. Andika blkid upate UUID, namba ya utambulisho, ya kila moja, hiyo inakaa na mfumo wa faili wenyewe popote diski iendapo, ibadilishe kwenye fstab, na kwa diski za data ongeza nofail ili siku moja ikikosekana seva iwake na zilizobaki. Kwa ZFS, toa pool, yaani kundi la diski, kwa zpool export kisha zpool import -d /dev/disk/by-id. Ukimaliza kuhariri fstab andika mount -a kabla hujazima, ikilalamika rekebisha hapo hapo ukiwa bado umeingia.